Kabla hujauza ng'ombe ili kijana atengeneze michezo ya kompyuta

MZAZI wa Kolandoto anapoambiwa na mwanawe kwamba anataka kutengeneza michezo ya kompyuta, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni zizi. Ng'ombe yupi atauzwa, na fedha yake itarudi lini?

Swali hilo ni la haki. Wakazi wa kata hii iliyo nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwenye barabara ya kwenda Mwanza, kama wenzao wengi mkoani humo, huishi kwa mifugo, pamba, dengu na biashara ndogo ndogo. Wengine riziki yao iko karibu na hospitali, chuo cha afya na njia panda ya kwenda Mhunze na Lalago. Shilingi huwa imeshapangiwa kazi kabla haijaingia mfukoni.

Waliokwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya Geita na Kahama nao wanaijua hesabu ya vifaa. Mchimbaji mdogo hashuki duarani bila kujua sururu ni kiasi gani na mwenye karasha atachukua nini.

Katika utengenezaji wa michezo ya kompyuta hesabu hiyo ina sura tofauti. Kompyuta inanunuliwa. Umeme unalipiwa, bando la intaneti linalipiwa. Lakini vifaa vya kazi yenyewe, yaani spana na nyundo za fundi huyu, vingi vinatolewa bure, na baadhi yake ni bora kuliko ambavyo kijana angevitengeneza mwenyewe kwa mwaka mzima.

Mojawapo ya vifaa hivyo ni maktaba ya fankisheni saidizi. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe.

Sanduku la spana

Fundi baiskeli hafui spana mpya kila anapoletewa baiskeli iliyolegea. Anafungua sanduku, anachukua namba kumi au namba kumi na tatu, anakaza, anairudisha.

Fankisheni ni spana ya mtengeneza programu. Ni kipande kifupi cha maelekezo kilichopewa jina, na kila kinapoitwa kwa jina hilo kinafanya kazi ile ile moja. Zikikusanywa fankisheni nyingi mahali pamoja ili mtu mwingine azitumie, mkusanyiko huo huitwa maktaba. Haina rafu wala msimamizi wa kuwanyamazisha watu. Mara nyingi ni faili tu.

Maelekezo hayo kitaalamu huitwa msimbo. Vijana wengi husema "kodi", jambo ambalo linaweza kumchanganya mfanyabiashara aliyetoka juzi kuonana na watu wa TRA, kwa hiyo hapa litumike neno msimbo.

Mfano mzuri wa sanduku la aina hii ni maktaba iitwayo lume, iliyoandikwa kwa ajili ya watengenezaji wa michezo na mtu anayetumia jina la rxi. Yote iko ndani ya faili moja lenye mistari isiyofika elfu moja. Kuipakua hakumalizi bando la mtu, na ikishaingia kwenye kompyuta haihitaji tena intaneti.

Ndani yake mna fankisheni za kupima umbali kati ya vitu viwili kwenye kioo, kuzuia namba isipite kiwango kilichowekwa, kuchanganya orodha, kuchagua kitu kwa bahati, kukadiria namba, na kuhifadhi hali ya mchezo ili mchezaji aanzie alipoachia. Hiyo ya mwisho ina thamani ya pekee mahali ambapo umeme hukatika bila kubisha hodi.

Lume imeandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Lua, na historia ya lugha hiyo inafaa kusimuliwa Shinyanga. Haikutoka Marekani wala Japan. Ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazil, mikononi mwa watu watatu: Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes.

Brazil wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika miaka ya vizuizi vikali vya kuingiza kompyuta na programu kutoka nje. Wataalamu wa chuo hicho walikuwa wakilifanyia kazi shirika la mafuta la Petrobras, na kwa kuwa kununua vya wengine kulikuwa kugumu, walitengeneza vyao. Wakavifanya vidogo na vyepesi. Wepesi huo ndio uliowavuta watengeneza michezo duniani, na leo mchezo wa Roblox, ambao watoto wengi wa mijini wanaujua, unatumia lugha iliyotokana na Lua.

Anayetaka picha na sauti juu ya Lua anaweza kuchukua programu iitwayo LÖVE, iliyoanza kutolewa mwaka 2008. Nayo ni bure, na inaweza kufanya kazi hata kwenye kompyuta mpakato ya zamani ambayo mwenye duka la mjini anaitafutia mteja.

Bao na shimo la kumi na sita

Mchezo ambao kijana wa Usukumani anaweza kuanza nao hauko mbali. Ni bao, ambalo Wasukuma wana namna yao wanayoiita isolo.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo 16 upande wake, katika safu mbili, na kete zake huzunguka humo humo. Wazee huzungusha bila kufikiri. Kompyuta haijui kuzunguka. Ukiiambia isogee shimo moja mbele kutoka shimo la 16, itakwenda shimo la 17, ambalo halipo, na mchezo utasimama hapo.

Dawa yake ni fankisheni ya mstari mmoja: chukua namba ya shimo, gawanya kwa 16, kamata baki, ongeza 1. Shimo la 5 linakupeleka la 6. Shimo la 16 likigawanywa kwa 16 baki ni sifuri, ukiongeza 1 umerudi shimo la kwanza. Fankisheni hii haimo katika lume. Kijana ataiandika mwenyewe na kuitia sandukuni, na hivyo ndivyo sanduku la kila fundi linavyokua.

Mchezo wa pili anaoweza kuujaribu ni wa shamba. Mchezaji anapewa ekari tano na kuamua apande mahindi, mtama, au asubiri mvua zikikaribia kuisha apande dengu kwenye udongo mzito wa mbuga uliobaki na unyevu. Kisha mvua inakuja au haiji.

Hapo inaingia fankisheni ya lume inayoitwa weightedchoice, ambayo huchagua kwa bahati iliyopimwa. Unaiambia kwamba ukame una uzito wa 3, mvua ya wastani 5, mvua kubwa 2. Katika misimu mingi ya mchezo huo, karibu mitatu kati ya kila kumi itakuwa ya ukame, lakini hakuna ajuaye ni ipi. Mkulima wa Shinyanga hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu mchezo wa namna hiyo.

Hadi hapa mzazi anaweza kusema haya ni mambo ya watoto. Asubiri kidogo.

Pale fedha zinapoingia

Kwa mfanyabiashara mdogo, neno "mchezo" lina maana nyingine. Kina mama wa sokoni wanapocheza mchezo, wanachangishana kila wiki au kila mwezi na kumpa mmoja wao kikapu chote, kisha mwingine, hadi wote wapate. Wengine huita upatu.

Zamu ya kwanza na zamu ya mwisho si sawa hata kidogo. Anayepokea mwanzoni amepata mkopo usio na riba. Anayepokea mwishoni amewawekea wenzake akiba, na ndiye anayeumia zaidi mtu akiacha kuchangia njiani. Ndiyo maana vikundi vingi hupiga kura ya vikaratasi, vikikunjwa na kutikiswa ndani ya kikapu au kofia mbele ya macho ya wote.

Sasa simu imeingia mahali pa kofia. Kijana aliyejifunza kidogo anaweza kuandika programu ya kupanga zamu za kikundi cha mama yake kwa jioni moja. Kazi yenyewe ni ile ile ya kuchanganya karata katika mchezo wa karata. Orodha ya majina inaingia, orodha iliyochanganywa inatoka. Katika lume fankisheni hiyo inaitwa shuffle na haina hata mistari kumi na miwili.

Mistari michache hiyo ndiyo inayoamua nani apokee fedha Januari na nani apokee Desemba. Ikikosewa, hakuna mtu atakayeona kofia ikitikiswa vibaya.

Na hukosewa, tena na watu wenye akili. Kosa linalojulikana sana ni hili: msimbo unapita kwenye orodha, na kila jina unalibadilishana nafasi na jina lolote lililochaguliwa kwa bahati katika orodha nzima. Ukiusoma haraka unaonekana wa haki kabisa.

Chukua majina matatu tu. Majina matatu yanaweza kupangwa kwa namna sita. Lakini njia hiyo ya makosa ina hatua tatu zenye uchaguzi wa tatu kila moja, yaani njia 27. Haiwezekani kugawa 27 kwa 6 bila kubakiza. Kwa hiyo mipangilio mitatu kati ya sita itapata njia tano tano na mingine mitatu itapata nne nne. Wapo watakaopendelewa, na hakuna aliyekusudia.

Njia sahihi imejulikana tangu mwaka 1938, ilipochapishwa na wanatakwimu wawili wa Uingereza, Ronald Fisher na Frank Yates. Hao walikuwa watu wa kilimo. Fisher alifanya kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted na Yates akamfuata katika nafasi yake huko. Walihitaji kuchanganya namba ili majaribio ya mashambani yagawiwe vipande vya ardhi bila upendeleo. Njia hiyo kwa ufupi ni kwamba kila jina linapofikiwa lichaguliwe nafasi miongoni mwa zile zilizokwisha kufikiwa tu, si orodha nzima. Kwa majina matatu inatoa uchaguzi wa moja, kisha mbili, kisha tatu, na zao lake ni sita kamili. Fankisheni ya lume inafuata njia hiyo.

Kuna mfano mwingine ambao mkulima ataupata bila kalamu. Programu ya mizani inayoandika uzito kwa kilo nzima lazima iamue itafanya nini na gramu zinazozidi. Fankisheni ya kukadiria iliyo sahihi hupeleka 37.6 kuwa 38 na 37.4 kuwa 37. Lakini iko fankisheni nyingine, iliyo rahisi zaidi kuiita, ambayo hukata tu kila kilicho baada ya nukta. Kwa hiyo 37.9 inakuwa 37.

Ukikata hivyo kila mzigo unapoteza kwa wastani nusu kilo. Mizigo 200 kwa siku ni kilo 100 za mkulima ambazo hazikuandikwa popote. Mwandishi wa programu anaweza kuwa hana nia mbaya, alichukua tu spana isiyo yake. Maktaba ya fankisheni saidizi inayo ile sahihi, ikiwa na jina lake la round, na ukiambiwa ikadirie kwa sehemu ya kumi ya kilo nayo inafanya.

Mbegu ile ile

Kuna jambo moja zaidi kuhusu bahati ya kompyuta ambalo kila kikundi kinapaswa kulijua kabla hakijaiamini simu. Kompyuta haibahatishi. Inapiga hesabu ndefu inayotoa namba zinazoonekana kama za bahati, na hesabu hiyo huanzia kwenye namba moja ambayo watengeneza programu wenyewe huiita mbegu.

Mbegu ile ile hutoa mfululizo ule ule. Katika matoleo ya Lua ya kabla ya 5.4, lililotoka mwaka 2020, kama mwandishi wa programu hakupanda mbegu mpya, kila programu inapofunguliwa inaanza na mbegu ile ile ya jana. Kikundi kikiingiza majina kwa mpangilio ule ule kila Januari kitashangaa kuona mama aliyepokea kwanza mwaka jana anapokea kwanza tena mwaka huu. Mjadala utakaofuata haupendezi, na huenda katibu akaitwa mwizi kwa kosa la msimbo.

Wengi hulitatua kwa kuchukua mbegu kutoka kwenye saa ya simu, na kwa mchezo wa kuburudika inatosha. Kwa fedha haitoshi. Mwenye simu anaweza kubonyeza mara nyingi akiwa peke yake hadi jina lake litoke juu, kisha akaja mkutanoni na matokeo.

Iko njia ya kugeuza udhaifu huo kuwa ulinzi. Kila mwanakikundi aandike kwa siri namba ya tarakimu tatu kwenye karatasi. Karatasi zifunuliwe zote kwa pamoja, namba zijumlishwe hadharani, na jumla hiyo iwe ndiyo mbegu. Majina yaingizwe kwa alfabeti. Kwa kuwa mbegu ile ile hutoa matokeo yale yale, mwanachama yeyote mwenye shaka anaweza kwenda na jumla hiyo kwa kijana mwingine mwenye programu hiyo hiyo, toleo lile lile, akaona kama zamu zinatoka vilevile.

Kofia haiwezi kufanya hivyo. Ikishatikiswa imetikiswa.

Bure ina masharti

Kitu cha bure humtia shaka mtu wa biashara, na ni vizuri kimtie. Lume inatolewa chini ya leseni inayoitwa MIT, iliyopewa jina la chuo cha teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani. Ni fupi kuliko mkataba wa kupangisha fremu ya duka.

Inaruhusu kutumia, kunakili, kubadilisha na hata kuuza programu iliyotumia msimbo huo bila kumlipa mwenyewe. Inadai jambo moja: tamko la mwenye haki na maneno ya leseni vibaki ndani. Na inasema wazi kwamba hakuna dhamana. Msimbo ukikuletea hasara, hasara ni yako.

Kwa maneno mengine, yule kijana anayeandikia kikundi programu ndiye atakayejibu mbele ya kina mama, si bwana rxi. Lakini amepewa kitu ambacho wauzaji wengi wa programu hawakitoi, nacho ni msimbo wenyewe wa kusoma. Anaweza kufungua faili, akaitafuta shuffle, akaisoma neno kwa neno kama mnunuzi anavyogeuza jiwe la mizani kuangalia chini yake.

Si kila kilicho wazi kwenye intaneti kina ruhusa hiyo. Msimbo usio na leseni yoyote ni mali ya aliyeuandika hata kama umeachwa mahali pa kuonekana na kila mtu. Zipo pia leseni zinazomtaka anayetumia kutoa wazi msimbo wake wote. Kijana atakayesoma leseni kabla ya kunakili anaepusha mengi.

Kilichofanyika Tanga

Mzazi anayedhani haya ni ya Ulaya tu ana mfano hapa hapa nchini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, vijiji kama 170 vya Mkoa wa Tanga vilipokea kompyuta za kibao zilizotolewa na Google, kwa ajili ya mashindano ya kimataifa yaliyoitwa Global Learning XPRIZE. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania walishiriki.

Watoto wapatao 3,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga darasa, walipewa vibao hivyo vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Mitambo ya umeme wa jua ya kuchajia iliwekwa vijijini. Hakukuwa na mwalimu. Programu zilijengwa kwa namna ya michezo: mtoto anagusa herufi, inatoa sauti, anaivuta mahali pake, anapata nyota.

Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi walitangazwa kuwa wawili, Kitkit School na onebillion, na kila mmoja akapata dola milioni tano za Marekani.

Fedha zilikwenda nje. Kilichobaki kinapatikana kwa yeyote: kwa masharti ya mashindano, programu za washindani wote watano waliofika fainali ziliwekwa wazi, msimbo wake na maudhui yake, kwa Kiswahili. Kijana wa Kolandoto anayetaka kuona mchezo mkubwa wa Kiswahili ulivyopangwa ndani hana haja ya kuomba ruhusa. Ajabu ni kwamba jambo hili linazungumzwa kidogo sana kuliko zile dola milioni.

Jirani zetu nao wamejaribu biashara. Mjini Kampala, kampuni ya Kola Studios iliuweka kwenye simu mchezo wa karata uitwao matatu, ambao Waganda wengi huucheza tangu utotoni. Haukubuniwa mchezo mpya. Ulichukuliwa unaojulikana, zikaandikwa kanuni zake, na karata zikachanganywa na fankisheni mahali pa vidole.

Hesabu ya zizi

Basi ng'ombe auzwe au asiuzwe? Kompyuta mpakato iliyotumika hugharimu laki kadhaa, na betri yake huenda imechoka. Kwa kuanzia si lazima iwe mpya wala yenye nguvu, kwa sababu Lua na LÖVE havina tamaa. Anayemwambia mzazi kwamba bila kompyuta ya mamilioni kazi haiwezekani, anauza kompyuta.

Kuweka mchezo kwenye duka la programu la Google kuna ada ya usajili ya dola 25, inayolipwa mara moja. Kwa akaunti mpya za watu binafsi, kanuni iliyoanza Novemba 2023 ilimtaka mwandishi kwanza awapate wajaribu 20 watakaoutumia mchezo kwa siku 14 mfululizo, na Desemba 2024 idadi hiyo ikapunguzwa hadi 12. Mahali penye chuo, wajaribu 12 si shida kuwapata. Kwa mauzo, tangu Julai 2021 Google ilishusha makato yake kuwa asilimia 15 kwa dola milioni moja za kwanza za mwaka.

Lakini mzazi asipewe matumaini ya uongo. Michezo mingi inayowekwa kwenye maduka hayo haimrudishii mwenyewe hata hiyo dola 25. Ni kama machimbo: wanaosikika ni wachache waliopata, wengine wamo bado duarani. Atakayetegemea mchezo wa kwanza ununue ng'ombe wa pili atakata tamaa kabla ya msimu wa pamba kufika.

Fedha ya karibu zaidi iko kwenye zile kazi ndogo: kupanga zamu za kikundi, daftari la madeni ya duka, hesabu ya mizigo kwenye chama cha ushirika, ratiba ya zamu za maduka ya dawa. Fankisheni ni zile zile. Ile iliyoandikwa kuzuia adui wa mchezoni asitoke nje ya kioo ndiyo inayozuia karani asiandike gunia la kilo 900 kwa kosa la kidole. Ile iliyohifadhi hatua ya mchezaji ndiyo inayohifadhi deni la mteja umeme unapozimika.

Kwa hiyo mwenye kikundi, duka au ghala anayeletewa programu na kijana wa mtaani ana haki ya kumtaka aonyeshe spana zake zinakaza vipi. Jaribio la kura ni rahisi na halihitaji intaneti. Kijana aandike majina matatu, aiambie programu iyachanganye mara 6,000, na ihesabu kila mpangilio kati ya ile sita umetokea mara ngapi.

Kwa fankisheni sahihi kila mpangilio utakuwa karibu na 1,000. Ikiwa 970 hapa na 1,030 pale hakuna neno, ndiyo tabia ya bahati. Lakini ikionekana mipangilio mitatu inakaa karibu na 890 na mingine mitatu karibu na 1,110, na akirudia inakuwa vile vile, majina yasiingizwe. Arudi kwenye msimbo wake, kwenye ule mstari unaochagua nafasi katika orodha nzima, na kikundi kiendelee kutumia kofia hadi atakapourekebisha.